Baba mudogo wa kampuni ya Vestine

Siku ya kwanza, 6 oktoba
Asante Mungu! Kampuni ya Vestine, mutoto wa kaka yangu, imehama. Kutoka kachumba kamoja ka Muheto mupaka nyumba ya vyumba sita hapa Masisi centre! Wafugaji wanatuma kwa telefone hesabu ya maziwa ya asubuhi, wenye kutengeneza fromaji, ile jibini yetu, wanajua wapi pikipiki iende kuchukua. Sasa wanatafuta wafanyakazi kumi. Batterie ya solaire, wanaume ine walishindwa kuinua. Nilibeba mimi peke yangu! (Valens, kijana wa jirani, alishika nyuma. Kidogo.)

Siku ya tatu, 8 oktoba
Edmond, mwenye kuchagua wafanyakazi, alituma vijana wa diplome kuandikisha wafugaji. Wamerudi mikono mitupu. Swali lao la kwanza: uko na ng'ombe ngapi? Ayi! Nani anahesabia mugeni ng'ombe yake? Ni kuita mukosi. Muzee Rukara aliwajibu: mbili. Na kilima nyuma yake iko nyeusi na ng'ombe! Mwingine eti zote ni za jirani. Nilicheka mupaka nikakaa chini.

Siku ya ine, 9 oktoba
Vestine: Baba mudogo, wewe ungeuliza namna gani? Nikachukua telefone, nikapanda kwa Rukara. Sikuuliza hesabu. Niliuliza tu: ile ng'ombe ya paji nyeupe, ilizaa muzuri? Basi! Akanitajia moja moja, jina na maziwa yake, mupaka saa sita. Telefone ilizima, ng'ombe bado! Nikapita na karatasi kwa majirani zake, jioni nilikuwa na familia kumi na moja. Nyumbani nilisema makumi ine.

Siku ya tano, 10 oktoba
Nimepewa kazi! Mukubwa wa kuandikisha wafugaji, meza karibu na dirisha. Mungu ni mwema, na huyu mutoto ni mwema.
Lakini kuna fishe, karatasi ya kazi ya kujaza. Mustari wa saba: masomo. Tangu Vestine iko mudogo namuambia nilimaliza sekondari, wa kwanza wa territoire muzima, inspecteur akalia machozi. Kumbe ng'ombe za baba zilinitoa mu shule nikiwa primaire. Asubuhi Edmond amefukuza wawili wenye kuomba kazi, juu ya diplome ya uongo.
Vestine amepita: Baba mudogo, jaza haraka, nataka kuwasomea wote, wajue nani atawaongoza!
Nimeandika. Primaire, mwaka wa tano. Bic ilikuwa nzito kupita ile batterie.
Wafanyakazi wako mu salon, wote kumi. Vestine anarudi, ameisha kunyoosha mukono achukue fishe—