Wembe wa Bwana Rostfrei

Baba,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alinilea hivyo, si kwa sababu moyo umenituma. Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia, na leo nisingeandika kama si ule wembe wako wa kukunja. Nimeupata. Ule uliosema Mama ameuza.

Nilikuwa sokoni Ngaramtoni, mtoto mgongoni, nachambua viatu vya mtumba vya huyu mkubwa anayeanza shule. Pembeni mzee mmoja alikuwa ametandika turubai lenye vitasa, vijiko na saa zilizokufa. Nikauona, nikaufungua.

"Taratibu, mama," akaniambia. "Huo si wa kumenyea viazi. Huo unanyoa mpaka mawazo."

Sikucheka. Nilikuwa naangalia pale mpini unapoungana na chuma. Msumari wake ulikatika nikiwa darasa la pili, Mama akaweka kipande cha waya wa shaba alichokitoa kwenye redio mbovu, akakigonga kwa jiwe mpaka kikalala. Waya upo, Baba. Mkono wa Mama naujua.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mjane mmoja wa Kisongo. Aliniuzia koti la marehemu, na huo. Eti mume alikuwa anauficha kabatini, hataki wageni wauone."

Nikanunua wembe. Mtoto akarudi nyumbani bila viatu.

Unakumbuka ulivyokuwa unanipakata kibarazani, unanionyesha maandishi kwenye ule ubapa? Herufi nilizijua hapo kabla ya mwalimu yeyote. ROSTFREI. "Huyu ndiye Mzungu aliyempa babu yangu," ulisema. "Bwana Rostfrei. Babu alimbebea mizigo enzi za Mjerumani, naye akamwachia wembe wenye jina lake." Shuleni nililiringia jina hilo kama ni la mjomba wangu. Jioni zile nilikupenda sana, siwezi kukataa.

Halafu wembe ukapotea, nawe ukaita ukoo. Baba Mkubwa akasema mbele ya watu kwamba mwanamke anayeuza urithi wa wazee hana mahali kwenye boma hili. Mama akarudi kwa kaka yake Nkoaranga na beseni moja na sisi watoto wawili. Mwezi haukuisha, wewe ukahamia Kisongo kwa yule mama. Na siku ya kukuzika, Mama hakuruhusiwa hata kutupa udongo. Alisimama kule kwenye kahawa, peke yake, mpaka tukamaliza.

Nilimpelekea wembe mpangaji mwenzangu, anaongoza watalii wa Kijerumani. Nikamwomba anisaidie kujua huyo Bwana Rostfrei alikuwa nani, na wembe ni wa miaka gani. Akasoma, akaziba mdomo.

"Dada, huyu si mtu. Maana yake haushiki kutu."

Akaugeuza kwenye mwanga, akaugonga mpini kwa kucha. Akasema wakati Mjerumani anaondoka huku, nyembe zilikuwa bado za chuma kinachoshika kutu, na huu mpini ni plastiki, si pembe. "Huu ni wa rika la baba yako. Babu wa baba yako hakuuona." Alikuwa anacheka, akaniona uso, akanirudishia.

Hilo la jina nakusamehe. Kijerumani hukukijua, na labda aliyekuuzia alikudanganya. Hata kama uliitunga mwenyewe ili mtoto wako akusikilize, nasamehe. La Kisongo ulilijua. Ulimfukuza mtu kwa kitu kilichokuwa mfukoni mwako.

Mama nilimpelekea pia. Aliupapasa pale kwenye waya. "Kumbe ulikuwa nao," akasema. Hakuwa anaongea na mimi. Kisha akanirudishia. "Achana nayo, mwanangu. Mtu ameshakufa."

"Aliyesemwa hajafa, Mama."

Nikapanda kwa Baba Mkubwa. Nikamweleza yote, waya na kabati la Kisongo. Akasema tutaliangalia kifamilia, polepole.

"Mlimsema mbele ya watu, Baba Mkubwa. Mtamsafisha mbele ya watu."

Akaniuliza nani alinifundisha kuongea hivyo na wakubwa. Nikamwambia ni uchovu, watoto hawa hawanipi usingizi. Akaushika wembe muda mrefu, akaufunga, akauliza kama Jumamosi inafaa.

Kwa hiyo wanakuja, Baba. Baba Mkubwa na wazee wengine wawili, na majirani wa Nkoaranga nimewaambia mwenyewe. Wewe ndiye ulipaswa kuja, na hutakuja, na hilo sijui nitamdai nani.

Jana nimemuuliza Mama nilete ndizi ngapi za kupikia wageni. Amesema nisilete.

"Sipiki," amesema. "Watanikuta nimekaa."

Ni mimi,
binti yako na yule wa Nkoaranga.