Mkono wa Koti Siku ya Mdahalo

Duka la Cherehani Tatu,
Nyuma ya soko kuu,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu tele zikukute mzima. Kama baridi ya huko inakusumbua, vaa lile koti nililokushonea, maana lile hata barafu hulikwepa. Goti lako limepona? Sisi hatujambo. Kifua cha mama yako kimetulia, na mkaza mjomba wako anazidi kunenepa kwa raha ninazompa.

Habari kubwa ni ya dada yako. Ulimwacha mwalimu wa hesabu. Sasa ukimwandikia, andika "Meya" juu ya bahasha.

Wagombea waliitwa kwenye mdahalo wa televisheni. Wiki nzima alifanyia mazoezi dukani kwangu, na mwalimu wake ni mimi niliyeishia darasa la nne! Mimi nilikuwa mpinzani, mke wangu mtangazaji, wateja wapiga kura. Nilimbana maswali mpaka cherehani zikatoka jasho.

Kilichotushinda ni maji. Mji mzima unataka kusikia mabomba yatatoa maji lini. Mpinzani wake, yule mwenye kiwanda cha matofali, alishatangaza siku mia.

"Wewe sema sitini, mama," nikamwambia. "Watu wanataka tarehe."

"Mjomba, hata mtaro haujachimbwa! Uso wangu nitauficha wapi?"

"Mteja huambiwa Ijumaa. Mengine mtayajua hiyo Ijumaa."

Akaguna, akaniambia nimuulize swali jingine.

Sasa, koti lake la mdahalo nilikuwa nimemwahidi Ijumaa. Nikampa Jumamosi, mlangoni pa ukumbi, nikikimbia. Mkono wa kulia ulikuwa bado na bandi, ule uzi mweupe wa kushikizia kabla ya kushona.

Mwenye matofali akapiga meza: siku mia! Makofi. Dada yako akaulizwa yeye siku ngapi. Akainua mkono ajibu, na mkono wa koti ukaachia begani, ukashuka hadi kwenye kiwiko, nyuzi zinaning'inia mbele ya nchi nzima. Watu wakaangua kicheko. Mama yako akanivuta sikio: "Umemmaliza mwanangu, wewe!"

Dada yako akauvua ule mkono, akauweka mezani.

"Fundi wangu ni mjomba wangu," akasema. "Nilitaka kusikia Ijumaa, akaniambia Ijumaa. Mmeona. Maji yatachukua miaka miwili, na kila mwezi nitakuja sokoni kuwaonyesha bomba limefika wapi. Nikisema siku mia, nitakuwa nawavika koti hili."

Kisha fundi bomba mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Huyo anajua kazi!" Hapo makofi yakatikisa taa. Kura zake zilijaza masanduku mpaka wakaazima magunia.

Sokoni nawaambia nilifanya makusudi. Wewe sikudanganyi: nilichelewa, na pale kitini nilitamani ardhi inimeze.

Nilipomwomba radhi alicheka. "Ushone, mjomba, ila niambie siku ya kweli." Nikafikiri sana. Nikasema Jumatano ya wiki ya pili. Tangu nishike sindano sijawahi kumtajia mteja siku ya mbali hivyo. Koti likawa tayari Jumatatu, siku mbili kabla.

Mama yako, mkaza mjomba wako na Mheshimiwa dada yako wanakusalimu. Wasalimie mkeo na wale mapacha. Mungu akulinde na akurudishe salama.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Fundi wa Meya.