Anayekuna Nazi kwenye Jumba la Mfalme

Mwabungo, Msambweni

Shemeji Fauzia,

Dada yako Twaiba amekufa. Alhamisi asubuhi alianguka jikoni, tukampakia kwenye gari, hakufika hospitali. Tulimzika alasiri ile ile.

Assalaam aleikum. Makiwa. Nimeanza na hilo kwa sababu mie sijui kulizungusha neno. U hali gani huko Ulaya, na mumeo, na baridi? Sisi tupo. Mama yenu ni mzima wa mwili ila anakula kidogo. Namba yako haishiki tangu Ramadhani, ndio maana unaletewa karatasi. Anaileta Hafsa wa hapa jirani, anarudi huko kwa mumewe.

Sasa nina jambo limenichanganya, na ni wewe tu unaweza kulitatua.

Jumapili tulisoma khitma. Tukiwa bado tunaosha masufuria akaja mama mmoja wa kizungu pamoja na Katana, yule mtunza bustani wa kwa mzee mchoraji kule Diani, mlikofanya kazi wewe na dada yako. Mzungu anamtafuta Twaiba. Katana akamfasiria pale pale mlangoni kwamba amechelewa, tumeshamzika. Yule mama akakaa chini kwenye mkeka na viatu vyake.

Anafanya kazi kwenye jumba la picha, mji huo huo unaokaa wewe. Zamani alikaa mfalme. Akanionyesha kwenye simu. Shemeji, ile nyumba ni kubwa kuliko hoteli zote za Diani ukiziunganisha, na hakuna mtu analala. Darini kumejaa watoto wanene, uchi, wana mbawa, wanaruka. Nikauliza kama ni majini. Katana akasema hao ndio wapangaji. Mie ni mkata mawe, nikauliza zile nguzo ni jiwe gani. Mzungu akasema si jiwe, ni chokaa imetiwa rangi ifanane na marumaru. Mfalme mzima. Sikuelewa.

Kisha akafungua picha moja. Mwanamke amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, ametupa mgongo. Uso hauonekani. Kichwa wazi, nywele zimesukwa, leso ameifunga kifuani. Mzee yule alikuwa akichora watu bila kuwaambia. Katana anasema hata yeye alichorwa amelala kwenye toroli, na hiyo pia iko kwa mfalme.

Mzungu akauliza kama huyu ndiye Twaiba. Wanataka kuandika jina, sasa pameandikwa mwanamke wa pwani, basi.

Leso niliijua. Ile ya korosho nyekundu, niliinunua Ukunda wakati wa Idi. Nikamwambia, "Ndiye. Ni mke wangu."

Kwanza nilikasirika. Mke wangu kichwa wazi, watu wanalipa kiingilio wamtazame. Halafu hasira ikaondoka, sijui ilikwenda wapi, nikataka kuiona tena. Unajua dada yako hakupenda picha. Ilikuwepo ya kitambulisho tu, na kitambulisho chifu amekichukua alipoandika kifo. Sina picha yake hata moja. Mzungu akasema ataniletea nakala kubwa nitundike ukutani. Akaandika jina, akaandika na marehemu, akaondoka.

Jana mama alifungua sanduku la Twaiba agawe nguo. Akatoa ile leso. Kipande kimoja. Nikamuuliza cha pili kiko wapi. Akanitazama kama mtu mjinga, akasema doti ilikatwa zamani, kipande alipewa Fauzia, mlikuwa mkivaa sare kazini. Nikamweleza habari ya picha. Akauliza jambo moja tu.

"Anakuna kwa mkono gani?"

Twaiba alikuwa wa shoto. Hilo nalijua, nimekula nazi yake miaka yote. Lakini kwenye picha mkono sikuutazama. Nilitazama leso.

Ukweli ndio huu shemeji, na Katana naona haya kumwambia. Mgongo wa mke wangu siujui. Nimelala kando yake tangu tuoane, na nikionyeshwa sijui kama ni wake au ni wako. Unisamehe kwa kuyasema haya. Kama ni wako, nimekuua kwenye ukuta wa mfalme, na mie nitatundika chumbani shemeji yangu mabega wazi. Nimemsomea mama hapo, amecheka kidogo. Ndio mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Nenda ukaitazame. Kama mkono unaosukuma nazi ni wa kulia, ni wewe. Waambie u hai, wafute. Usinionee huruma. Kama ni wa kushoto, kaa naye kidogo, usiondoke haraka. Kisha mpigie mama, yeye ataniambia.

Mama anakusalimu sana, anasema umsomee dada yako Yasini. Msalimie mumeo. Nguo zote zimegawiwa. Kile kipande cha leso nimekataa kisitoke.

Ni mie shemeji yako, Swabir.

Kesho narudi machimboni.