Sahani ya Dereva Jabiri

Shikamoo Mama Serafina, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Segera, nina hoteli ya chakula ambapo mabasi husimama dakika ishirini abiria wachimbe dawa na wale, niliachiwa na marehemu mume wangu, na yeye alikuwa na chumba chenye pazia ambako madereva na makonda walikula pilau na mbuzi choma bure, mimi mwaka huu nikasema hawa wana mshahara, kwa nini nilishe watu wazima, nikang'oa pazia, nikapunguza na bei ya chipsi kuku ili abiria wafurahi, basi haikupita wiki mbili mabasi yote yakahamia kwa jirani na wapishi wangu sita wakabaki kufukuza nzi.

Nikamfuata dereva mmoja, Jabiri, kumwomba radhi. Akaniambia, "Mama Shadya, mimi narudi na wenzangu nawaleta, ila tuelewane. Abiria walipe kwanza, chakula kitoke polepole, dakika ya kumi napiga honi. Unabaki na hela, unabaki na kuku."

Jumanne tukajaribu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amelipia sahani mbili, honi ikalia, akakimbilia basi na kikaratasi chake cha malipo mkononi, akanipungia dirishani akidhani nitampelekea, nami nikajifanya natafuta chenji. Kuku wake nikamuuzia mtu wa basi lililofuata. Naona aibu, lakini nikimkatalia Jabiri nafunga hoteli, na wapishi wana watoto. Nifanyeje?

Shadya, Segera

Marahaba Shadya, na pole kwa kufiwa. Sasa nisikilize. Abiria hachagui pa kushuka, dereva ndiye anayechagua, na ile bei ya juu ya chipsi za barabarani ndiyo inayolipia mbuzi wake. Marehemu alilijua hilo. Wewe ulimnyima dereva na ukashusha bei kwa mpigo, halafu unashangaa hoteli imepoa! Ungeniandikia kabla ya kung'oa pazia.

Rudisha pazia kesho, na bei irudi ilipokuwa. Mpe Jabiri pilau na mbuzi ashibe, ila mwambie dakika ishirini ni za abiria. Konda akupigie simu wakiwa Mkata, ili basi likiingia kuku wawe wameshaiva na chipsi ziko kwenye mifuko. Akikataa, mwache aende, barabara hiyo haina upungufu wa madereva wenye njaa.

Lakini la Jumanne ni wizi, mwanangu, usijifiche nyuma ya wapishi. Umeniandikia mwenyewe "kuku wake", kwa hiyo unajua alikuwa wa nani. Konda ana namba za simu za abiria wake. Mtafute yule mama, mrudishie hela yake ya sahani mbili, na umtajie jina lako na la hoteli. Fanya hivyo leo, kabla hujawasha jiko.