Ng'ombe wa Mama na Hisa za Nairobi

Masisi,
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Shema,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mnaendeleaje huko Nairobi, wewe na mkeo Nicole? Kikohozi cha mtoto kimepona? Huku tuko wazima, mvua imeanza na maharage yameota. Mama anasumbuliwa na magoti tu.

Sasa nikwambie kilichoniuma, maana nikinyamaza nitapasuka.

Papa Hilaire ameuza kile kilima chake tulichokuwa tunalima. Alitungojea tulete pesa ya kukinunua mpaka akachoka, akampa tajiri mmoja wa Goma. Waya zimeshazungushwa, na kaburi la baba limebaki ndani. Jumapili iliyopita Mama alisimama getini akimwomba mlinzi ruhusa ya kupalilia kaburi la mume wake. Akaambiwa arudi siku bosi akiwepo. Niliona aibu mpaka nikageuka nyuma.

Kilima kile tungekinunua kwa zile hisa, unajua. Ni wewe uliyetufundisha kwenye simu: hisa ni za kukaa nazo, zikishuka msitetemeke. Mama akakuamini, akauza ng'ombe wake, akakutumia pesa umnunulie hisa huko Nairobi. Mama huyu huyu, wakati wa vita, watu wanakimbia na kuwaachia wafanyabiashara wa mjini Sake ng'ombe kwa bei ya mbuzi, alikataa kuuza. Risasi zinalia, yeye anakamua. Alingoja mpaka bei ikarudi.

Wewe je? Bei imeshuka wiki mbili tu, ukauza zote asubuhi moja bila hata kutupigia. Zilipopanda, tamaa ikakushika, ukanunua tena zikiwa juu kabisa. Zikashuka, mbio tena, ukauza kwa hasara! Nani alikuwa anakufukuza, Shema? Hiyo simu yako unayotazamia bei?

Nina hasira nawe sana. Tena Mama ndiye anayekutetea. "Umuache," anasema. "Ule mutoto nilikimbia naye vita akiwa ku mugongo. Woga iliingia mu damu yake, njo maana iko vile."

Labda. Lakini wewe ulikuwa mgongoni. Mimi nilikuwa nakimbia kwa miguu.

Msalimie Nicole, umbusu mtoto. Shangazi Drocella na kaka Sebarenzi wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe moyo uliotulia kama alivyompa Mama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Uwimbabazi