Kipa Asiye na Khuruji

Jumapili, 18 Mei 2014

Pedi zangu za golini nimezianika tena kwenye ngazi za kupandia paa. Zinanuka kama beberu aliyenyeshewa. Jirani wa ghorofa ya tatu kaziba pua mbele yangu bila aibu. Zinanuka kweli.

Mazoezi asubuhi, ukumbini Al Wukair, nje ya Doha. Goti la kushoto limelia, la kulia likaitikia. Kipa wa mpira wa magongo mwenye miaka arobaini na sita ni kichekesho, najua. Vijana wanapiga, mimi naanguka. Kuanguka naweza. Kuinuka ndiyo kazi yenyewe.

Mkataba wetu ulikwisha mwezi uliopita. Wote wanane tulisema hatusaini tena, tunataka kurudi makwetu. Arbabu, ndivyo tunavyomwita mwenye timu, alicheka akasema inshallah. Mpaka leo hajasaini khuruji ya hata mmoja wetu. Bila khuruji, ile ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini, hata ukiwa na tikiti mfukoni uwanja wa ndege utakurudisha. Kwa hiyo tunaendelea na mazoezi ya timu ambayo hatumo.

Zuhura anaolewa Ijumaa ya tarehe 20 Juni, kabla ya Ramadhani. Mimi ndiye baba, mimi ndiye walii wake, nimwoze kwa mkono wangu. Muda upo. Najiambia muda upo.

Jumanne, 20 Mei

Mkutano jikoni, maana ndiko kwenye kiyoyozi kinachopoza. Nahodha wetu Ochieng, Mkenya wa Nairobi, kazungumza kwa upole wake: "Wasee, tukiendelea kucheza bila mkataba, huyu jamaa ataona hakuna haraka. Tuweke magongo chini. Wote ama hakuna." Tariq, mshambuliaji wetu kutoka Lahore, akaweka gongo lake chini papo hapo, juu ya mguu wangu. Ndivyo mgomo ulivyoanza. Kwa kidole changu.

Na mimi nilinyoosha mkono kukubali. Nilichelewa kidogo. Nadhani hakuna aliyeona.

Alhamisi, 22 Mei

Basi la timu limekuja, hatukupanda. Dereva kangoja, kapiga honi, kaondoka na viti vitupu. Tumechungulia dirishani tukicheka kama watoto waliotoroka chuo.

Jioni kicheko kimekatika. Mandubu wa kampuni, yule anayezungusha makaratasi ya serikali, kaja kuchukua ufunguo wa ukumbi na mipira yote. Hata ule tuliokuwa tunazuia nao mlango wa jikoni. Kaleta na salamu za Arbabu: asiyetaka kucheza asicheze, na asiyecheza hasafiri.

Jumapili, 25 Mei

Ofisi ya kazi, mimi na Ochieng. Nimevaa shati langu la Idi.

Karani mpole, hatuna lawama naye. Kafungua faili langu, kasoma, kaniangalia mikono. "Wewe seremala." Nikasema ndiyo, kwa viza. Kampuni ya Arbabu ni ya samani, na alipotuleta alituandikisha sote mafundi mbao. Siku ile tulicheka sana. Mimi, niliyemtengenezea mke wangu kabati, mpaka leo halifunguki ila ulilaze chali.

Nikamweleza kwamba tunazuiwa kwa sababu hatutaki kucheza magongo. Akauliza, nani anamlazimisha seremala kucheza magongo? Nikamgeukia Ochieng. Ochieng naye ni seremala. Akatushauri turudi kwa mwajiri tukaelewane.

Kwa hiyo hatujagoma. Kwenye faili hakuna timu, hakuna mechi, hakuna goli. Miaka mitatu nimelinda kitu ambacho hakipo, tena vibaya.

Jumamosi, 31 Mei

Nimepiga simu Tanga. Kanzu yangu iko kwa fundi. Mke wangu anataka kipimo cha tumbo, "lilivyo sasa, si unavyolisema." Zuhura akampokonya simu. Unakuja lini, baba? Nikamwambia bosi ananipenda mno, ananing'ang'ania. Akacheka. Nyumba nzima nikaisikia inacheka nyuma yake.

Nimedanganya. Sikutaka wajue kwamba mtu mzima, baba yao, anahitaji saini ya mtu mwingine ili arudi kulala nyumbani kwake. Naona haya. Basi.

Jumatano, 4 Juni

Joto. Hatutoki kabla ya magharibi. Wanaume wanane, vyumba vitatu, choo kimoja. Ochieng na Tariq wamegombana juu ya chapati. Tariq anasema Ochieng anapika blanketi. Ochieng anasema za Tariq ni karatasi ya kufungia chapati. Hawasemezani. Nimejaribu kuwapatanisha kwa kula za pande zote mbili. Haikusaidia, ila nimeshiba.

Jioni natembea hapa hapa mtaani kwetu Mansoura. Mpaka duka la simu, narudi. Mpaka kwa kinyozi, narudi. Nimenyolewa mara tatu tangu wiki iliyopita na nywele zenyewe sina. Kinyozi leo kanionea huruma, kanikanda shingo tu.

Mke wa Ochieng anatarajia kujifungua mwezi ujao. Ochieng anaosha soksi zile zile kila siku.

Jumatatu, 9 Juni

Arbabu kaniita. Mimi peke yangu.

Gari lake limenifuata mpaka mlangoni, wenzangu wote wakiona. The Pearl, kisiwa cha matajiri, nyumba inayotazama boti nyeupe. Kahawa, tende, kanikalisha karibu naye kabisa. Si mtu mbaya wa kukaa naye, na hilo ndilo linaloudhi. Anaupenda mchezo huu. Anaikumbuka ile kona fupi niliyookoa kwa uso mwaka juzi, kaniigiza na jinsi nilivyozimia.

Alhamisi anapokea timu ya rafiki yake kutoka Muscat. Keshawaalika watu. Wachezaji watano wa kuazima kawapata. Kipa hana. Doha nzima kazunguka, hana. Watu wenye akili hawawi makipa.

Kwa hiyo: nisaini miaka miwili, nisimame golini Alhamisi, na Ijumaa nipande ndege, nimwoze binti yangu, kisha nirudi. Tikiti kaiweka mezani, ina jina langu. Habari za harusi kazipata kwa mandubu, na mandubu kazipata kwangu. Mdomo wangu huu. "Baba akose nikaha ya binti yake? Haramu!" Kalisema kwa huruma ya kweli, kana kwamba anayenizuia ni mtu mwingine. Kanipa mpaka keshokutwa jioni.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala. Nataka kusaini. Niandike wazi, hakuna anayesoma: nataka kusaini. Wenzangu hawana binti wa kuozesha wiki ijayo. Wangekuwa naye wangesaini, tena wangenipita mlangoni.

Asubuhi nimewaambia. Halafu Ochieng: "Mzae, ukienda hatukasiriki. Lakini usituambie ati ni bahati. Wewe ukisimama pale, sisi tumekwisha." Tariq akasema, "Chacha, wewe nenda. Binti ni binti." Chacha kwao ni baba mdogo. Kisha akainuka kwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Afadhali wangenitukana. Matusi nayajua, ni kipa.

Jumatano, 11 Juni

Imenijia nikiwa na povu usoni, nanyoa ndevu. Arbabu kanishikilia kwa kitu gani hasa? Kwa Ijumaa ile ya harusi tu. Hana kingine. Na Ijumaa yenyewe nimempa mimi.

Baba asiyeweza kufika anaruhusiwa kumwakilisha mtu amwoze binti yake. Nilijua tangu mwanzo, nani asiyejua? Sikutaka. Kwanza kwa sababu mtu mwenyewe angekuwa Bakari, mdogo wangu, na Bakari akishika maikrofoni hata umeme ukikatika anaendelea. Pili kwa sababu siku ile niliitaka iwe yangu. Hii ya pili ndiyo sababu. Ya kwanza ni mzaha.

Nimepiga simu. Mke wangu kamwita shehe wa mtaa, Bakari, mashahidi wawili, simu kwenye spika. Nikasema nimemwakilisha ndugu yangu Bakari amwoze binti yangu Zuhura. Simu ikakwaruza. Shehe akaomba nirudie, mashahidi hawakusikia sawasawa. Nikarudia. Mara ya pili iliuma kuliko ya kwanza. Bakari akaanza kulia hapo hapo. Zuhura hakuwepo, alikuwa kwa somo wake akifundwa. Nilishukuru.

Jioni The Pearl, kwa basi. Nimemrudishia Arbabu tikiti yake. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha sokoni, kwamba ndugu yangu ataozesha, sina safari. Kwanza hakuelewa. Akaniuliza mara mbili kama nimekosana na mwanangu. Halafu akaelewa, nikaona uso ukibadilika. Akanijazia kikombe.

"Basi utakaa," akasema.

"Nitakaa."

Kahawa niliimaliza, ingekuwa utovu wa adabu kuiacha. Kurudi, nimepitiliza kituo changu cha basi. Si ushujaa. Ni woga mtupu, ila umechelewa kufika.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna mechi. Wageni wamefika, wamepelekwa kula samaki. Mandubu anasema wameambiwa kiyoyozi cha ukumbi kimeharibika. Huku mtaani watu wote wanangoja Kombe la Dunia kule Brazil, hakuna anayejua kwamba leo kulikuwa na mchezo wa kukosa.

Tumeshinda, nadhani. Tumekaa jikoni tukitazamana kama watu waliopandisha friji ghorofa tano kisha wakakuta hawajaulizia mlango ni upi. Ochieng kampa Tariq chapati. Tariq kaila yote, uso umemkunjamana.

Jumatatu, 16 Juni

Khuruji zimetoka. Saba. Sisi ni wanane.

Mandubu alisoma majina akiwa amesimama mlangoni. Alipofika la saba akaanza kuangalia viatu vyake. Nikajua. Arbabu ana akili: timu isiyocheza ni mzigo, lakini kipa mmoja anaweza kubaki awe funzo.

Ochieng akasema hawaendi. "Tulisema wote ama hakuna, Mzae. Ni wewe ulitubeba, saa hii tukuache?" Tariq akaketi juu ya begi lake, akakunja mikono. Nikawaacha waseme. Ilikuwa tamu kusikia, nisijifanye. Nikawaacha waseme kidogo zaidi ya ilivyotakiwa.

Kisha nikatumia umri wangu, ndicho cheo pekee nilicho nacho humu ndani. Nikawakaripia. Nikamwambia Ochieng mtoto hazaliwi kwa mgomo, aende akamshike mkewe mkono. Nikamwambia Tariq akibaki nitakula chapati zake kila siku mpaka nife, na damu yangu iwe juu yake. Nikawafungia mabegi mwenyewe. Ochieng kanikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Baadaye walipokuwa wanapanga foleni ya kuoga, mmoja akaanza kuimba. Nikawachukia. Kwa muda mfupi tu, lakini niliwachukia wote saba. Niandike na hilo.

Ijumaa, 20 Juni

Nikaha imefungwa baada ya sala ya Ijumaa. Nimeisikiliza kwa simu, nimevaa kanzu ya zamani, sijui nilimvalia nani.

Bakari kahutubia, kama nilivyoogopa, mpaka shehe akamkatiza. Lakini alipofika kwenye kuozesha kaozesha vizuri. Sauti haikutetemeka. Taratibu, kila neno mahali pake. Mimi ningetetemeka. Nimemwonea wivu.

Bwana harusi kaitikia. Vigelegele. Halafu aliyeshika simu kaisahau, kaitia mfukoni nafikiri, nikawa nasikia kitambaa kinasuguana, na watu kwa mbali. Nikaendelea kusikiliza kitambaa. Simu ikakatika yenyewe.

Jumapili, 22 Juni

Nyumba kubwa. Nimehamia jikoni na godoro langu, kwenye ubaridi.

Zuhura kapiga mwenyewe mchana, kwa intaneti ya mumewe, kutoka kwake. Sasa ana kwake. Kaniuliza bosi wangu bado ananipenda vile vile?

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Lilikuwa tayari. Nikaliacha. Nikamwambia bosi hajasaini karatasi yangu ya kutoka, nilitaka kuja na sikuweza, na sijui lini. Nikamwambia wengine wameondoka. Nikamwambia na habari ya useremala nikidhani atacheka. Hakucheka.

Nilisikia akifunga mlango.

"Umekula, baba?"

Nikasema bado. Akasema nikapike, yeye hakati, atangoja. Nikamwambia atamaliza vocha ya watu. Akasema nikapike.

Nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Nikakata kitunguu, nikavunja mayai mawili. Upande wa pili alikuwa anafagia, nilisikia ufagio unavyokwenda na kurudi, mara akamjibu mumewe kitu, mara akafagia tena. Nikala nimesimama. Nilipomaliza nikaosha sahani polepole. Alikuwa bado yupo.