Ukimya wa Nahodha

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye siku hizi ni mke wa mtu. U hali gani? Na mtoto je, ameanza kukuacha ulale? Mwambie shemeji mito ya viti imefika salama, na mume wangu ameung'ang'ania mmoja kana kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Sisi hatujambo. Mimi ni zaidi ya sijambo, dada. Nikiamka nikamwona kando yangu amelala mdomo wazi, nacheka peke yangu kama mwehu.

Uliniuliza nilimpendea nini fundi wa sauti asiyesema. Nilimpendea kulekule studio, tulipokuwa tunaingiza sauti zetu za Kiswahili katika ile tamthilia ya kigeni ya chombo kilichopotea angani. Wenzetu walisubiri milipuko na vita vya sayari. Yeye aliniita nisikilize pale mama fundi wa injini anapoketi na roboti mtunza bustani, wanautazama mche wa nyanya, hawasemi kitu. Akanivalisha hedifoni zake. Nikasikia pampu ya maji, pumzi za yule mama, na kwa mbali chombo kikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kugeuka, namkuta macho yamemjaa machozi. Dada, mwanamume kama huyo ningemwacha vipi?

Basi, pale studio yuko mwenzetu tunayemwita Kasuku. Ndiye sauti ya Nahodha, na sauti anayo, simnyimi haki yake. Ila hawezi kuona ukimya akauacha. Nahodha akitazama nyota, yeye ataguna, atakohoa, ataongeza "dunia hii jamani", wakati wenye tamthilia walituagiza kwamba pasipo na maneno tusitie maneno. Mama Bosi hulalamika, kisha humwachia, maana watazamaji wanampenda.

Wewe ulikuwa umetoka kujifungua, hukuwepo harusini, na naona watu wamekuficha. Kasuku ndiye aliyeshika kipaza sauti. Shemeji yako ana kigugumizi, unajua, na maneno ya siku ile alikuwa akiyafanyia mazoezi bafuni tangu tulipochumbiana. Akasimama, akanishika mkono, akasema, "Mke wangu, mimi na wewe..." Hapo neno likagoma. Alihitaji pumzi moja tu. Kasuku akadakia, "...tukalale, maneno ya nini!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mjomba alijipiga mapaja. Mume wangu akatabasamu, akaketi, na yale maneno sijayasikia mpaka leo. Sasa kazini kila akifungua kinywa yuko wa kummalizia: "Tukalale."

Siku ile nilitabasamu, kwa kuwa bibi harusi hana ruhusa ya kurusha kiatu. Moyoni nikasema, ngoja.

Kikaja kipindi cha mwisho cha msimu. Roboti anazimika, na Nahodha, aliyekuwa akimwita bati tangu mwanzo, anakaa sakafuni kando yake. Halafu anachukua kopo, anaumwagilia ule mche. Hasemi kitu. Nakuapia, hakuna sehemu nzuri kama hiyo. Kasuku akaitungia hotuba ya kwaheri, yenye methali na kwikwi, akairekodi. Akawaalika studio wakwe zake watarajiwa, mkubwa wa kituo cha televisheni na kila mwenye masikio, waje kukitazama kikirushwa. Akamwambia mume wangu mbele yetu sote aje ajifunze jinsi wanaume wanavyoongea.

Sasa nikutobolee siri. Kazi yangu ni kusikiliza kipindi kizima kabla hakijatumwa kituoni, na kwenye kompyuta kila sauti ina mstari wake. Mstari wa Kasuku katika onyesho lile niliuzima. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu wenye pete. Wanasema dawa ya moto ni moto. Basi dawa ya domo ni kimya.

Laiti ungemwona. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anajingoja. Ikasikika pampu. Yakasikika maji yakidondokea udongo. Akafumbua macho, akaikodolea spika, akafungua mdomo, na mama mkwe wake akamwambia, "Hebu nyamaza, baba, tunatazama." Watu walilia chumba kizima. Kilipokwisha wakamzunguka kumpongeza kwamba hajawahi kuigiza vizuri hivyo. Mkubwa wa kituo akataka kujua aliipata wapi busara ya kunyamaza. Angejibu nini? Kwamba alikuwa ametia maneno kinyume cha agizo? Akasema ilimjia tu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Tulipofika nyumbani tukaanza kupika, na mume wangu akaweka sufuria chini, akaniuliza, "Ni... ni we... ni wewe uliyemzima?" Nilimngoja hadi akamaliza, nikamjibu ndiyo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha, taratibu, akaniambia kwamba yeye alishamsamehe Kasuku siku ileile ya harusi. Nikambusu. Nikamwambia Mungu amempa kifua kipana, na nampenda kwa hilo, lakini amesamehe ya kwake. Ya kwangu bado. Msimu mpya umeshaletwa studio, na Nahodha ana maonyesho mengi ya kutazama nyota.

Mbusu mtoto kwa niaba yetu, na shemeji mpe mkono. Mama msomee barua, ila ukifika kwenye kompyuta, ruka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba, mke wa fundi